Siku Kumi na Sita Nilizofanya Jipe

Vijana wangu wa huduma ya kwanza, kabla hamjaendelea kusoma, kila mmoja aguse mfuko wake wa nyuma. Kama kuna mkasi humo, autoe sasa hivi auweke kwenye mkoba. Nitasubiri.

Haya. Wale niliowafundisha wanajua kwamba hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza na la mwisho, na kwamba niliwahi kumtoa mtu darasani kwa ajili yake. Mlikuwa mkiniita Mzee Mfuko, mkidhani sisikii. Leo nitawaambia somo hilo lilitoka wapi, kwa sababu Neema, katibu wenu, ameniletea karatasi nitie sahihi, na mkono umegoma. Karatasi yenyewe ni orodha ya watakaovishwa medali ya utumishi mrefu mwezi ujao. Jina langu ndilo la kwanza.

Mnaiona medali ile kwenye kabati la vioo pale ofisini, mnadhani ilikuwepo tangu enzi na enzi. Haikuwepo. Nilipojiunga na chama chetu hapa Same, alama ya utumishi ilikuwa utepe wa kijani unaoshonwa kwenye mkono wa shati, mmoja kwa kila miaka mitano ya kujitolea. Tulishonewa na fundi mmoja wa karibu na stendi, na fundi yule hakuuliza maswali. Ukimpelekea shati na utepe, anashona. Basi bwana mmoja akajiunga wakati wa mavuno, kufika Pasaka ana tepe nne. Alikuwa na miaka ishirini na mitano. Kwa hesabu ya shati lake, alianza kufunga watu bandeji akiwa na miaka mitano.

Tepe zikafutwa. Zikaja karatasi za shukrani zenye muhuri mzuri, na watu wakazitundika ukutani mpaka moshi wa jikoni ukazigeuza rangi ya chai. Mwishowe makao makuu wakatutangazia medali yenyewe, ya shaba, kubwa kidogo kuliko kizibo cha soda, ina utepe na pini, na nyuma yake pana nafasi ya kuchonga jina. Ilikuja na sharti. Miaka ishirini ya kujitolea mfululizo, na kila mwaka zisipungue siku kumi na mbili zilizoandikwa kwenye daftari la zamu. Mwaka mmoja ukipungua, hesabu inarudi mwanzo.

Sasa mfikirieni mtu aliyeandika sharti hilo akalituma kwa Wapare. Sisi ambao kuku wa jirani akivuka mpaka wa shamba tunapanda basi kwenda kutafuta wakili! Kabla hata ya medali ya kwanza kufika, tulikuwa na Kamati ya Medali, mwenyekiti wa Kamati ya Medali, na malalamiko matatu dhidi ya mwenyekiti wa Kamati ya Medali. Mwenyekiti alikuwa Mzee Mbonea, karani mstaafu wa mahakama, mtu aliyekuwa akiikumbuka kesi kama wengine wanavyokumbuka harusi.

Nitarudi kwa Mzee Mbonea. Kwanza niwaeleze habari za mama aliyenifundisha kazi.

Mama Nakijwa alikuwa mkulima wa tangawizi kule juu Mamba, mfupi, mwepesi wa kutembea na mzito wa kusifu. Siku yangu ya kwanza mlimani tulimshusha mtu aliyevunjika mguu, kwa machela ya miti miwili na blanketi. Mimi nilishika mbele, na kwa ujuaji wangu nilikuwa nimemlaza mgonjwa kichwa kikiwa upande wangu. Njia ikainama. Mgonjwa akaanza kuteleza, taratibu, mpaka kisogo chake kikagusa mgongo wangu. Akasema kwa upole kabisa, "Kijana, naona nakuja kwako."

Mama Nakijwa akasimamisha safari. "Kushuka, miguu itangulie. Kupanda, kichwa kitangulie. Elibariki mwanangu, huyu ni mtu. Hata gunia la tangawizi nisingekupa ulibebe hivyo."

Alinifundisha kwamba kanga safi inafunga bega vizuri kuliko bandeji mbovu. Alinifundisha kumwuliza mgonjwa habari za ng'ombe wake au za mtoto wake wakati ninamsafisha kidonda, kwa maana mtu hawezi kulia vizuri huku anahesabu ng'ombe. Alinifundisha, tena akarudia mpaka nikachoka, kwamba jina la mgonjwa na kidonda chake havitoki kwenye mdomo wa mhudumu. Mhudumu akiulizwa sokoni, ajibu kwamba alikuwa na mgonjwa, basi. Na alinifundisha kwamba mkasi hauwekwi mfuko wa nyuma.

Hilo la mwisho sikulishika. Mkasi wangu ulikuwa na mishikio myekundu, na ikichungulia kwenye mfuko wa nyuma wa suruali ya kaki nilijiona daktari kamili. Siku za gulio nilikuwa napita mbele ya wasichana polepole, halafu nageuka ili waone na upande wa pili.

"Mkasi huo utakutafuta," aliniambia Mama Nakijwa.

Ulinitafuta mwaka wangu wa sita. Tulikuwa tunashuka kutoka shambani kwake baada ya mvua, mimi mbele, nikimweleza jinsi ya kutembea kwenye utelezi. Nikateleza. Nikakaa chini kwa nguvu zangu zote. Sitaeleza zaidi, mnajua suruali ina mifuko mingapi na mkasi una ncha ngapi.

Mtu mwingine angecheka. Mama Nakijwa alinilaza kifudifudi kwenye majani, akakandamiza kidonda kwa upande wa kanga yake, akaanza kuniuliza habari za ng'ombe. Nikamwambia sina ng'ombe. Akasema, "Basi hesabu wasichana."

Nilimwapisha asimwambie mtu. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu msaidizi wa huduma ya kwanza, jamani! Alikubali kwa sharti moja, kwamba tushuke mpaka zahanati ya Maore, ambako hakuna anayetujua, nikachomwe sindano ya pepopunda. Nikikataa, alisema, atanitangaza kanisani baada ya matangazo ya ndoa. Nikachomwa. Lakini kidonda kikaingia uchafu, na nikalala kifudifudi nyumbani kwake wiki saba, nikila makande kama mbuzi anavyokula, kichwa chini. Alinisafisha asubuhi na jioni. Zamu zake zote za miezi ile zikampita. Kwetu nilikuwa nimeaga kwamba naenda kambi ya huduma ya kwanza, Ziwa Jipe.

Nilipoinuka, mwaka ulikuwa unaisha na kwa sharti la medali nilikuwa pungufu ya siku tisa. Daftari la zamu lilikuwa mezani, kalamu iko juu yake. Nikaandika: Elibariki, Jipe, siku tisa. Mwandiko ulinyooka vizuri sana kwa mtu aliyekuwa anaandika amesimama.

Tatizo la kuandika Jipe ni kwamba watu wanauliza habari za Jipe. Nikasema pana viboko. Mwaka uliofuata viboko wakaongezeka. Baada ya miaka kumi nilikuwa na kiboko mmoja aliyekuja kila asubuhi karibu na hema letu, tukimwita Mheshimiwa, na nilikuwa nimeanza kumkumbuka kweli.

Sasa ndio tufike kwa Mzee Mbonea. Mwaka wangu wa ishirini na wa ishirini na nane wa Mama Nakijwa, makao makuu wakatuma mgeni na medali sita kwenye sanduku. Tukafungua kabati la madaftari, tukakuta mchwa wamekwisha kufanya kazi yao. Karibu yote yalikuwa yamebaki majalada tu, na ndani ni udongo. Mgeni akasema bila maandishi hakuna medali. Mzee Mbonea akasimama, akavaa miwani, na niliona uso wake umepata ujana. Akasema kuna ushahidi wa namna nyingine. Waitwe waliotibiwa, waje na makovu yao.

Ilipigwa mbiu kama ya msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, na siku iliyopangwa watu wakashuka kutoka milimani na wengine wakaja kutoka nyikani, ukumbi ukajaa. Sijawahi kuona watu wakijivunia makovu namna ile. Mzee Athumani wa hoteli ya barabarani alikunja mkono wa kanzu, akaonyesha pale mafuta ya maandazi yalipomrukia.

"Nani alikuhudumia?" akauliza Mzee Mbonea.

"Mama Nakijwa."

"Mwaka gani?"

"Mwaka ule daraja liliposombwa."

"Pingamizi!" Mtu akasimama nyuma. "Daraja lilisombwa mara mbili."

Wakabishana nusu saa kuhusu daraja. Mzee Mbonea akaandika: kielelezo namba nne, mkono. Akaja Mzee Saitoti, mfugaji, akainua shuka akaonyesha goti lililopigwa teke na punda. Mgeni akauliza atajuaje ni mwaka gani. Mzee Saitoti akamtazama kwa huruma. "Punda huyo alizaliwa mwaka nilipomtahiri mwanangu wa kwanza, akanipiga akiwa na mimba ya pili. Wewe hujui miaka ya punda wako?" Mgeni hakuwa na punda. Kielelezo namba saba, goti.

Katika mchwa wote wale, daftari moja lilikuwa limesalimika, halijaguswa hata ukurasa. Mnaweza kukisia ni la mwaka gani. Mchwa wa Same walikula ukweli wa miaka yote wakauacha uongo wangu, safi, na wino wake umeiva.

Mimi nilipita asubuhi ile ile. Makovu ya niliowatibu yalitosha, na mwaka wa sita uliandikwa rasmi. Mgeni alinipongeza, akasema hivi ndivyo mhudumu anavyopaswa kutunza kumbukumbu. Aliniuliza habari za Jipe. Nikampa Mheshimiwa.

Kisha akaitwa Mama Nakijwa. Lazima mjue kwa nini medali ile ilikuwa kitu kwake, maana hakuwa mtu wa mapambo. Alikuwa na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, na kila Jumapili kwa miaka yote hiyo wifi alimwuliza mlangoni mwa kanisa, "Hao watu wako wamekupa nini?" Mama Nakijwa hakuwa na jibu la kushika mkononi. Siku ile alikuja na gauni la Jumapili, na kwenye kifua alikuwa ameshona kipande cha kitambaa kigumu kwa ndani, ili pini isije ikavuta nguo. Nilikiona nilipomsalimia. "Marahaba," aliniitikia, huku anakipapasa.

Makovu yake yalikuwa mengi kuliko ya sisi wote, mpaka vielelezo vikaishiwa namba kwenye karatasi. Mzee Mbonea akafungua lile daftari moja. "Mwaka huu una siku tano tu, Mama. Miezi hii yote ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na mgonjwa nyumbani."

"Mgonjwa gani?"

"Mgonjwa."

"Jina lake?"

"Jina la mgonjwa halisemwi, mwenyekiti. Hata wewe nilipokuuguza sikusema."

Ukumbi ukamgeukia Mzee Mbonea, naye akapangusa miwani kwa muda mrefu kidogo. Halafu akasema, na nilimwona hakupenda kusema, "Bila jina na bila kovu, mwaka huu umekatika. Kuanzia hapo mpaka leo haifiki ishirini."

Mama Nakijwa hakubisha. Hakunitazama hata kwa jicho la pembeni. Alianza kujifunga kanga juu ya lile gauni, akifunika pale kifuani, na akaanza kupita kati ya viti aende zake Mamba.

Vijana, ningependa kuwaambia nilisimama mara moja. Sikusimama mara moja. Nilipiga hesabu ya medali yangu, ya Mheshimiwa, ya wasichana wa gulio ambao sasa walikuwa mama za watu na walikuwa wamekaa mstari wa tatu. Alipofika mlangoni ndipo nikasimama, tena kwa aibu, si kwa ushujaa.

"Mgonjwa ni mimi," nikasema.

"Kovu liko wapi?" akauliza Mzee Mbonea.

Nikamwonyesha kwa kidole, bila kugeuka. Ukumbi ulichukua muda kidogo kuelewa. Halafu mstari wa tatu wakaelewa.

Mgeni alisema maneno yangu yanatosha. Mzee Mbonea akakataa katakata. Kila kovu lilionwa, na hili litaonwa. Likaletwa pazia la wagonjwa, nikaingia na wazee watatu wa kamati, nikafanya kilichotakiwa. Nikasikia mmoja akisema, "Hebu sogea kwenye mwanga." Mzee Mbonea akatoka akatangaza, kwa sauti ya mahakama kuu, "Kielelezo kimeonekana. Ni cha mkasi."

Watu walicheka mpaka Mzee Saitoti akakalishwa chini. Wa pekee ambaye hakucheka ni Mama Nakijwa. Alirudi kutoka mlangoni, akasimama mbele yangu, macho yamejaa machozi. "Miaka yote hii nimekutunzia," akasema, "nimekutunzia mpaka kwa mchungaji, leo umejianika mwenyewe mbele ya Same nzima! Nani kakutuma?" Alikuwa amekasirika kweli kweli. Nami nilikuwa nalia, na sijui kama nililia kwa aibu au kwa kumpenda mama yule.

Alivishwa medali saa tisa alasiri. Mimi mgeni alitaka nifukuzwe kwa kughushi daftari. Mzee Mbonea alinitetea kwa dakika arobaini, akitaja na kesi ambazo nadhani alizibuni, na hukumu ikawa kwamba nibaki, ila hesabu yangu ianze moja siku ile. Kisha akatoa amri ya mwisho, kwamba kilichoonekana nyuma ya pazia na sababu yake ni siri ya mgonjwa. Mpare akipewa amri ya kamati anaitii hata kama inamuua. Ndiyo maana ninyi hamkuwahi kusikia.

Jumapili ile nilipanda Mamba nikakaa kiti cha nyuma kanisani. Wifi aliitazama medali tangu wimbo wa kwanza hadi sadaka. Mlangoni akasema, "Ndogo."

"Ndogo, ndiyo," akajibu Mama Nakijwa. "Ila ina maandishi kwa nyuma. Hebu soma."

Na kwa kuwa Mama Nakijwa alikuwa mfupi, na hakuivua, wifi alilazimika kuinama. Aliinama vizuri. Macho yake hayakuwa mazuri tena, kwa hiyo alichukua muda. Mama Nakijwa alitazama mbele, juu ya mgongo wa wifi, ametulia kabisa. Baada ya wiki tatu aliniletea tangawizi, ndipo nikajua nimesamehewa. Amezikwa kule kule Mamba, na medali iko kwa Nakijwa, binti yake, ambaye haruhusu mtu aisome bila kuinama.

Mimi nikaanza moja. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu. Nimeyaona madaftari yakiondoka, mkaja ninyi na simu zenu, siku za zamu zinajazwa kwa kidole na hakuna mchwa anayezipata. Mwaka jana ulikuwa wa ishirini. Mwaka jana pia ndio nilipopasuliwa goti, na nilifanya siku tano tu. Nilijua hesabu imekatika, nikanyamaza, nikajiita mstaafu.

Halafu wiki iliyopita Neema akaja na orodha. "Shikamoo babu, uko juu kabisa!" Nikamwambia anionyeshe simu. Akafungua jina langu. Miaka ishirini, yote ya kijani, na mwaka jana siku kumi na mbili kamili.

"Hizi saba nimezitoa wapi, mjukuu wangu?"

Akaangalia chini. "Babu, wewe umetufundisha sote. Tulikubaliana kwenye kundi la wasap. Ila simu haikubali kujaza siku bila kituo, ikabidi nichague kituo ambacho hakuna mtu wa kubisha."

"Ukachagua kipi?"

"Jipe."

Nilicheka mpaka goti likauma. Neema alidhani nimefurahi, na kweli nilifurahi. Hakuna aliyewahi kunighushia kwa upendo kiasi hicho. Lakini lile gauni lenye kitambaa cha ndani nililiona kwa macho yangu, na mwenye gauni alikuwa tayari kuondoka mikono mitupu kuliko kusema neno lisilompasa. Siwezi kuvaa kitu kile kile kwa siku saba za hewa.

Kwa hiyo Neema, futa zile saba, na jina langu litoe kwenye orodha. Msininunie wala msifanye kikao. Daktari ameniruhusu kukaa kituoni kwenye kiti, na naweza kuosha kidonda na kuuliza habari za ng'ombe. Anza kunihesabia moja mwezi huu. Nina miaka sitini na nne. Nikimaliza ishirini nitakuwa na themanini na nne, na mtanivisha nikiwa nimekaa.

Ila zamu ya kwanza nipangieni Jipe. Nimefanya kazi kule siku kumi na sita, na sijawahi kufika.